Lisilotokea Nyumba za Chini

Oslo, 12 Oktoba 1986

Shangazi Borghild mpendwa,

Habari za Heggvika? Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limetulia baada ya kuvuna viazi. Mimi sijambo. Chumba changu kina baridi, na mwenye nyumba ananiahidi kila Jumatatu kwamba jiko la kupasha joto litatengenezwa, ahadi zake ni zile za fundi cherehani. Soksi ulizonifumia nalala nazo.

Kazini nimepewa jukumu jipya. Kampuni yetu ya uchapishaji inatayarisha kamusi ya vinyume kwa ajili ya shule. Juu na chini, kupenda na kuchukia, namna hiyo. Kazi ilikwenda vizuri mpaka nikafika kwenye "kusababisha." Kinyume chake ni nini? Niliandika "kuzuia," nikaliangalia neno lenyewe, nikaona limekaa peke yake kama mgeni asiyejua aketi wapi. Mhariri wangu, Bwana Falkanger, anataka tuweke na maneno ya watu wa mashambani. Akaniuliza, "Huna jamaa huko kwenu anayesema lugha ya zamani?" Nikamwambia nina shangazi anayesema hata na kondoo, na kondoo wanamwelewa.

Basi nisaidie. Mtu akifanya jambo lisitokee, huko nyumbani mnasemaje?

Nisalimie baba. Kama unaona atakasirika, usimsalimie, mtazame tu vizuri kwa niaba yangu. Huu ni mwaka wa tatu tangu aliponiambia nisikanyage kwake mpaka niache habari za kumtaka ahame chini ya ule mlima. Mimi sijaacha, kwa hiyo sijakanyaga.

Ni mimi mwanao,
Sunniva

Heggvika, 2 Novemba 1986

Sunniva mwanangu,

Barua yako nimeipata, nami nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa habari zako na ya pili kwa mwandiko wako, maana mwandiko unasema kama mtu anakula au hali. Kula. Kwenye boti ya Jumanne nimekutumia paja la kondoo lililokaushwa na jibini ya kahawia. Goti liko pale pale, halipungui wala haliongezeki. Tumeshachinja, na mwaka huu kondoo wote wamerudi kutoka mlimani isipokuwa yule mmoja mwenye kiburi.

Maneno uliyoniuliza nimeyafikiri nikikamua. Kuzuia ni neno la lango. Kitu kinakuja, wewe unasimama mbele yake. Kukinga ni la mvua na upepo, kwa sababu upepo hausimamishwi, unajiweka tu nyuma ya ukuta. Kukomesha ni la kikohozi na ugomvi, lazima kitu kiwe kimeshaanza. Kuepusha nalisikia zaidi kanisani, hilo tumemwachia Mungu. Kukatiza ni la hotuba ya mchungaji, bahati mbaya hakuna anayelitumia. Kutibua ni la Magne Lid, jirani wa baba yako, akikuta wenzake wamepanga jambo bila yeye.

Na kuna kuwahi. Hili ndilo ninalolipenda. Bibi yako alikuwa anasema maziwa hayazuiwi kufurika, yanawahiwa. Ukisubiri kuona povu, umechelewa.

Habari nyingine ni kwamba mzee Olai amestaafu, na halmashauri imenipa mimi kazi yake. Sasa ni mimi ninayepanda mlima Skorven kwenye vijiti vya kupimia theluji, na nikiona inaweza kuporomoka ni mimi ninayewaambia wa Nyumba za Chini wakusanye vitu vyao wapande shuleni. Nyumba nne, unazijua. Hawakumpata mwanamume aliyetaka. Wanaume wa hapa wanapenda kuamuru, lakini hawapendi kuamuru wakakosea.

Baba yako anakula, anakata kuni, na amepata mbwa. Nimemtazama vizuri kama ulivyoniagiza. Akaniuliza nina nini machoni.

Shangazi yako,
Borghild

Oslo, 30 Novemba 1986

Shangazi mpendwa,

Paja limefika, jirani zangu wote wamejua limefika, na wawili wamekuwa marafiki zangu ghafla. Asante sana. Jiko limetengenezwa. Nakula.

Bwana Falkanger amesoma maneno yako akacheka peke yake kwenye lile la mchungaji, na yeye si mtu wa kucheka. Halafu akavua miwani. Akaniambia, "Mazuri haya, lakini si vinyume. Angalia. Kuepusha ni kufanya kitu kiepuke. Kukomesha ni kufanya kikome. Mtu anayezuia naye anasababisha, anasababisha kutotokea. Kinyume chenyewe ni kuacha. Unakaa kitako, dunia inakwenda."

Nikamwambia, "Mtu anayekaa kitako nyumba ya jirani ikiwaka, amefanya kinyume cha kuiwasha?"

Akasema, "Sasa unaniletea mambo ya mahakama. Sisi tunatengeneza kamusi."

Tumebishana wiki nzima. "Kuwahi" amelipenda, lakini anasema halitaingia kwa sababu linatumika pia kwa mtu anayewahi boti. Wewe unaonaje?

Krismasi sitakuja. Usinisihi, Shangazi. Nimefikiri sana na nimeona nikija nitalala kwako, na baba atakuwa kule chini anajua kwamba niko juu, na hiyo itakuwa mbaya kuliko kutokuja. Theluji imeshaanguka? Baba akiambiwa apande shuleni, anapanda?

Mwanao,
Sunniva

Heggvika, 9 Januari 1987

Sunniva mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Nisamehe kuchelewa, boti haikuja wiki nzima kwa dhoruba, na hata ilipokuja sikuwa na la kuandika ila theluji. Skafu uliyonitumia naivaa kanisani, mke wa mchungaji ameiulizia bei. Krismasi ilikuwa ya kimya. Ng'ombe mmoja amezaa.

Sasa nimeshawatoa watu wa Nyumba za Chini mara mbili. Mara ya kwanza kabla ya Krismasi. Theluji ilianguka na upepo wa kaskazini, ikajaa juu kwenye bonde la Skorven mpaka mlima ukaota shavu. Niliwatoa, wakalala shuleni kwenye magodoro, halafu kukapoa, hakikuanguka kitu, wakarudi wakakuta mabomba yamepasuka kwa baridi. Mara ya pili juzi juzi, tena hakikuanguka kitu. Sasa nikiingia dukani Magne Lid ananiuliza, "Bi Borghild, leo mlima umekupigia simu?" Watu wanacheka. Mimi pia nacheka, maana usipocheka unaonekana unajionea huruma.

Lililoniuma ni la mama yake Magne. Bi Ingeborg, unamkumbuka, aliyekuwa anawapa watoto wote peremende mkitoka shule. Mara hii ya pili alikuwa anapanda kwenda shuleni, mwanawe amemshika mkono, akateleza kwenye barafu pale kwenye kona ya ghala. Nyonga imevunjika. Boti ilimpeleka hospitali.

Kuhusu swali lako juu ya neno kuacha. Mwambie bwana wako wa miwani aje akae hapa Januari moja.

Sote tulikuwa salama, usiwe na wasiwasi. Siku ya pili ya kuhamishwa kulikuwa na jua kali, nikamwokea baba yako mikate myembamba ya viazi kwenye jiko la mama yako, jiko lile bado linaoka vizuri kuliko langu. Akala saba na kulalamika kwamba ni minene.

Shangazi yako,
Borghild

Oslo, 20 Januari 1987

Shangazi,

Sina salamu nyingi leo. Mimi mzima.

Jiko la mama liko nyumbani kwa baba. Nyumbani kwa baba ni Nyumba za Chini, ya mwisho kabisa, iliyo karibu na mlima kuliko zote. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba siku ya pili ya kuhamishwa, watu wakiwa shuleni kwa amri yako, wewe ulikuwa unaoka mikate chini ya Skorven.

Nilikuuliza kama baba anapanda. Hukunijibu. Ukaniandikia kuhusu ng'ombe.

Niambie ukweli wote.

Sunniva

Heggvika, 22 Februari 1987

Sunniva mwanangu,

Salamu zako fupi nimezipokea. Ulikuwa na haki.

Kwanza habari ya msiba. Bi Ingeborg Lid amefariki hospitalini mwanzoni mwa mwezi. Nyonga ilikuwa inaunga, akashikwa na kichomi, hakuamka. Tumemzika Jumamosi. Nilikaa benchi la nyuma, na kwenye benchi lile nilikaa peke yangu ingawa kanisa lilijaa.

Siku tatu kabla ya mazishi nilikuwa dukani kununua unga. Magne akaingia. Safari hii hakuniuliza kuhusu simu. Alisimama karibu, akasema kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeniomba nimpishe, "Mama yangu alikuwa mzima kitandani kwake. Mlima haujamgusa. Wewe ndiye uliyesababisha."

Neno lako lile lile, mwanangu. Nilitoka nikaacha unga kwenye meza, na mwenye duka akanitumia nyumbani.

Sasa la baba yako. Hapandi. Hajapanda hata mara moja. Mara ya kwanza nilimbembeleza, nikamfokea, nikamwambia nitamwita polisi wa wilaya. Akasema, "Mwite, dada. Boti yake inakuja Alhamisi." Huwezi kumbeba Jostein, ana mabega ya farasi. Basi nilihakikisha wengine wote wamefika shuleni, nikawaachia chai, nikashuka tena nikakaa naye. Na mara ya pili vile vile. Sikukueleza kwa sababu ulikuwa mbali na usingeweza kufanya lolote isipokuwa kukosa usingizi, na wewe usingizi wako nimeulinda tangu una miaka miwili.

Utaniuliza, kwa nini nikae? Ni mdogo wangu. Nilimfundisha kutembea pale pale kwenye sakafu ile. Nilifikiri, kama mlima utashuka, asiwe peke yake. Ukiniuliza kama nilikuwa naogopa, nitakuambia nilikuwa nikishika kikombe kwa mikono miwili.

Na hivi ndivyo mambo yalivyoharibika zaidi. Nikimwambia, "Jostein, panda," ananiambia, "Wewe mwenyewe umekaa hapa unakunywa kahawa. Ungekuwa unaamini ungekaa?" Nikiondoka, namwacha. Nikibaki, namthibitishia kwamba hakuna hatari. Watu nao wamejua. Magne amejua. Fikiri anachofikiri usiku: nilimtoa mama yake nyumbani nikampitisha kwenye barafu, na mimi mwenyewe nikaenda kukaa huko huko nilikomtoa.

Mwishoni mwa mwezi ujao kuna mkutano shuleni. Wanataka kazi hii nipokonywe. Nafikiri nitaiacha kabla hawajainyakua.

Hiyo ndiyo kweli yote. Ng'ombe nao ni wazima, kama unataka kujua.

Borghild

Oslo, 1 Machi 1987

Shangazi yangu,

Pole. Pole kwa Bi Ingeborg, na pole kwa benchi lile. Nimelia, kisha nimekula, ili usiniulize.

Nimeianza barua hii mara nyingi nikitaka kukuandikia kwamba huna hatia yoyote katika kifo chake. Nimeshindwa kuiandika hivyo kwa sababu utajua ninakubembeleza. Ungekaa kimya siku ile, Bi Ingeborg asingekuwa kwenye kona ya ghala. Hiyo ni kweli na Magne anajua ni kweli. Lakini Magne anajua pia kwamba wewe hukumtoa mama yake kwa sababu ya kupenda kutoa watu. Ulikuwa unaona mlima una shavu. Ungeuona ukaogopa kuchekwa, ukanyamaza, na mlima ukashuka, leo ungekuwa na benchi gani? Mimi sioni kwamba kulikuwa na njia ya wewe kutoka na mikono safi. Anayezuia naye anafanya jambo, Falkanger alikuwa sahihi hapo, nimemwambia hivyo na hakufurahi kama nilivyotarajia. Aliniuliza kuna nini nyumbani. Nikamweleza. Akasema baba yake alikuwa mlinzi wa makutano ya reli, na kwamba nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumshukuru kwa treni zisizogongana.

Usiiache kazi kabla ya mkutano. Wakikupokonya, wakupokonye wakikutazama usoni.

Na jambo la pili. Nimemwandikia baba. Ndiyo, baada ya miaka mitatu. Sikumwomba ahame. Nimemwandikia hivi tu, nakunakilia ujue: "Baba, shangazi hakai kwako kwa sababu haogopi. Anaogopa kuliko wote, ndiye anayepima ile theluji. Anakaa kwa sababu wewe hutoki. Ukibaki mnabaki wawili. Nilitaka ujue. Wako, Sunniva."

Kama nimekosea, nifokee mimi, usimfokee yeye.

Mwanao,
Sunniva

Heggvika, 29 Machi 1987

Sunniva mwanangu,

Natumaini u mzima. Hapa tumetoka kwenye juma ambalo sitaki jingine kama hilo, lakini tumetoka, na ndiyo maana nina kalamu.

Katikati ya mwezi theluji ilianza tena. Ilianguka mfululizo, kisha upepo ukageuka, kisha kukaja joto na mvua juu yake. Nilipanda kwenye vijiti asubuhi, nikaisikia theluji ikishuka chini ya miguu yangu kwa mlio kama wa mtu anayekaa kwenye godoro la majani. Nilirudi mbio, kama hili goti linajua mbio. Kushuka njia nzima nilikuwa nawaza kona ya ghala. Nilisema, Borghild, nyamaza, safari hii waache. Kweli, mwanangu, nilisimama kabisa njiani. Halafu nikaenda kwenye nyumba ya kwanza nikagonga.

Hao wa nyumba mbili za kwanza walinitazama kama mtoza kodi, lakini walitoka. Nyumba ya tatu ni ya Magne. Alifungua mwenyewe. Watoto wake wawili walikuwa nyuma yake wamevaa soksi. Nilimwambia, "Alfajiri nilimwaga mchanga njia yote mpaka shuleni. Na kwenye kona nimefunga kamba." Alifunga mlango, nikafikiri hatatoka. Baadaye nikamwona anapanda, mtoto mmoja mgongoni, mwingine ameshika kamba.

Nikafika kwa baba yako. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje, amevaa buti na koti, mbwa yuko kwenye kamba.

"Mtoto ameniandikia," akasema.

"Amesema nini?"

"Amesema wewe ni mjinga."

"Ameandika hivyo?"

"Mimi ndivyo nilivyosoma." Akaikaza kamba ya mbwa. "Kwa nini hukuniambia kwamba unaogopa?"

"Ulidhani nashuka kwa ajili ya kahawa yako?"

"Kahawa yangu ni nzuri, dada." Halafu akasema, hanitazami, anamtazama mbwa, "Mimi nilikuwa nalala vizuri zile siku kwa sababu ulikuwepo. Nilisema, Borghild amekaa, basi mlima haushuki."

"Na mimi sikulala hata kidogo."

"Ndiyo, sasa najua."

Nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza. Nilimwambia, "Jostein, una nini na nyumba hii? Ni mbao tu." Akanijibu kwamba siku mama yako anafariki yeye alikuwa ufukweni anapaka mashua lami, kwa sababu mama yako alimwambia nenda, mimi sijambo. Aliporudi alikuta kimya. Tangu siku hiyo akifunga ule mlango kwa nje anahisi anamwacha tena. Ndiyo maana alikufokea siku ile, Sunniva. Ulimtaka ahame naye akasikia kwamba unamtaka amwache mama yako mara ya pili. Angeweza kukueleza. Lakini huyu ni baba yako, anaweza kubeba mashua mgongoni, neno moja linamshinda.

Nilimwambia, "Twende sote wawili. Mlango tutauacha wazi."

Akasema, "Theluji itaingia."

"Itaingia. Utafagia."

Tukaenda. Mlango tukauacha wazi.

Tulikaa shuleni siku tatu, na mlima haukufanya kitu. Mvua ikakoma, baridi ikarudi, Skorven akabaki na theluji yake kama tajiri. Niliogopa ndivyo itakavyokuwa. Watu walikunja magodoro kimya kimya, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kicheko.

Mkutano ulifanyika Ijumaa, mwenyekiti wa halmashauri alikuja na boti. Alisoma jambo lenyewe kwa maneno marefu, kisha akauliza nani anataka kusema. Mmoja akasema amechoka. Mwingine akasema mabomba yake nani atalipa. Mimi niliambiwa nijitetee, nikasimama, nikasema, "Sijui kama mlima ungeshuka. Hamtajua ninyi wala mimi. Mama yake Magne hayupo, na hilo nalijua kila siku." Nikakaa. Nilikuwa na hotuba nzuri zaidi lakini ilinitoka.

Akasimama Magne. Chumba chote kikageuka kumtazama. Alishika kofia yake mbele kwa mikono miwili.

Akasema, "Mimi Bi Borghild sijamsamehe. Naomba liandikwe hivyo. Lakini nawauliza, tukimtoa yeye, tutamweka nani? Huyo atakayekuja atakuwa ameona tulivyomfanya huyu. Siku akiona mlima umejaa atafikiri kwanza juu yetu, halafu juu ya mlima. Atangoja aone vizuri. Mimi nina watoto wawili wanalala kule chini. Sitaki mtu wa kungoja."

Akakaa. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine. Hakukuwa na mwingine. Walipopiga kura, mikono ya kunitoa ilikuwa michache, na mkono wa Magne haukuwemo.

Nje alinipita bila kunisalimia. Sikumfuata. Ana haki ya hilo kwa muda wowote anaoutaka.

Kazi bado ninayo. Baba yako ameuliza wewe unakula nini huko Oslo. Hilo ni kubwa, kwa Jostein hiyo ni hotuba.

Shangazi yako,
Borghild

Oslo, 28 Juni 1987

Shangazi yangu mpendwa,

Nimefika salama. Boti ilikuwa na watalii, mmoja aliniomba nimpige picha na mlima Skorven nyuma yake, ukiwa kijani umejaa mbuzi, akaniambia tuna bahati kuishi mahali pa amani. Nilimpiga picha.

Asante kwa wiki ile. Asante kwa kitanda, na kwa kujifanya una kazi kanisani ile Jumapili ili nishuke kwa baba peke yangu. Nilijua huna kazi kanisani.

Hukuniuliza tulizungumza nini, nakueleza sasa. Hatukuzungumza sana. Alinipa koleo tukapanda viazi vya kuchelewa. Mstari wa kwanza ulipokwisha akasema, "Barua yako ilikuwa fupi."

Nikasema, "Niliogopa ikiwa ndefu hutaisoma."

"Ningeisoma," akasema. "Kujibu ndiko nilikokuwa naogopa."

Mstari wa tatu akaniambia mama alikuwa akipanda viazi kwa karibu mno, kila mwaka alimwambia, kila mwaka alipanda hivyo hivyo. Nikacheka naye akacheka. Halafu alifuta macho na mkono wenye udongo, akawa na udongo uso mzima. Sikumwambia ahame. Jua lilikuwa linawaka na mlango wa nyumba ulikuwa wazi.

Kwenye kaburi la Bi Ingeborg nilimkuta Magne anamwagilia maua. Aliniuliza kama mimi ndiye yule wa kamusi. Nikasema ndimi. Hatukuongeza lingine, ila alinipa kopo la maji nimalizie upande wangu.

Kamusi imekwenda kwa mpiga chapa. Mbele ya "kusababisha" tumeweka kuzuia, kuepusha, kukomesha, na maneno yako mengine manne, kuwahi likiwemo. Kuacha hatukuliweka. Falkanger mwenyewe ndiye aliyelifuta, na hakunieleza kwa nini.

Mkumbatie baba kwa niaba yangu, kama anakubali kukumbatiwa. Krismasi nitakuja.

Mwanao,
Sunniva

Heggvika, 15 Novemba 1987

Sunniva mwanangu,

Sisi wazima, natumaini nawe u mzima. Barua hii ni fupi kwa sababu boti inapiga honi.

Theluji ya kwanza imeanguka tangu asubuhi, nyepesi, si ya kutisha, nisingemhamisha hata kuku. Nilikuwa nakamua nikasikia mbwa uani. Baba yako amesimama mlangoni, ana godoro begani. Ameniuliza godoro liwekwe wapi.

Nilikuwa sijamwita.

Shangazi yako,
Borghild